Mpishi Asiyeonja

Machi 28

Tumefika Bahi jana mchana, mimi na binti yangu Jenifa, na mabegi mawili na sufuria yangu kubwa ambayo sikukubali kuiacha Mpwapwa. Miaka ishirini nimewapikia wanachuo maharage. Sasa nimestaafu, na daftari hili la stoo nimejizawadia mwenyewe. Kurasa za mwanzo nilizoandikia chumvi na vitunguu nimezichana.

Mdogo wangu Yotham ndiye aliyeniita. Mkewe, Hana, ana mimba ya miezi sita. Mbili za kabla ya hii zilitoka mapema, na mpunga unataka mikono. Nikamwambia Yotham nitakaa mpaka mtoto azaliwe, ila jikoni mkubwa ni mimi. Akasema hilo analijua tangu alipokuwa na miaka minne.

Hana kanipokea vizuri, shikamoo ya kupiga goti na maji ya kuoga. Siwezi kumlaumu kwa adabu. Lakini nilipoingia uani nilimkuta kainama kwenye pipa la ujimbi, kabandika sikio ubavuni mwa pipa. Yeye ni mpika pombe, na wanasema ujimbi wake wa mtama unatafutwa mpaka ng'ambo ya reli. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema, nasikiliza kama imeiva, wifi. Nikamwambia mimi ni mpishi mwenzako, na mpishi asiyeonja si mpishi. Akacheka tu, akahamia pipa la pili.

Machi 30

Mvua. Jenifa kasahau kuwafungia kuku, wamelowa wote. Nimemsema mpaka nimechoka mwenyewe.

Aprili 2

Nimejua sababu ya kusikiliza mapipa. Hana haonji pombe. Haonji hata povu. Tangu Januari, alipogundua ana mimba, hajatia tone kinywani, kwa kuwa muuguzi wa zahanati, kijana mmoja anaitwa Zaidi, amewaambia wajawazito wasiguse. Na Yotham naye ameacha, eti amsaidie mwenzake. Mwanaume mzima wa Kigogo anakaa na wenzake jioni anakunywa chai ya rangi, wanamwita Mama Yotham.

Nilicheka mpaka nikajikalia chini. Mama yetu alizaa saba. Ujimbi ulikuwa chai yake ya asubuhi na uji wake wa mchana. Ni mtama ule, ni chakula. Hata mimi nilipokuwa na mimba ya Jenifa nilikaa hapa hapa kwa mama, na kila asubuhi kibuyu changu kilikuwa kinaningoja mlangoni.

Jirani yetu Mzee Thomas anasema jambo lenyewe ni rahisi, huyo Zaidi ni mtu wa Tanga na Mwislamu, kwake pombe ni haramu, sasa anatuletea dini yake kwa njia ya kliniki. Naona mzee ana hoja.

Aprili 5

Yotham kavua kambale wanne. Mwaka huu bwawa limejaa vizuri.

Aprili 9

Hana karudi kutoka kliniki na sura ya majivu. Wamempima, damu imepungua. Wamempa vidonge, wakamwambia ale mboga za majani, maharage na dagaa. Yotham kaniangalia kama mtoto anayeomba. Kasema, "Dada, wewe ndiye mpishi. Mtie damu huyu." Nimemwambia aniachie.

Wasichokijua hawa vijana ni kwamba ujimbi huongeza damu. Mama alikuwa akitwambia hivyo, na bibi alimwambia mama.

Aprili 11

Nimekasirika sana hata kalamu haiendi sawa.

Asubuhi nilipika uji wa uwele, laini, nikatia karanga za kusaga na sukari. Halafu nikachota vikombe viwili vya ujimbi kwenye pipa lililoiva, nikavitia ndani wakati hakuna anayeniona, nikakoroga. Nilifanya hivyo jana pia, kidogo, kikombe kimoja, akanywa akashukuru. Basi leo nikaongeza. Sikuwa na nia mbaya, Mungu ananiona. Nilitaka mtoto apate damu.

Hana alikunywa fundo moja. Akaniangalia kwa muda, macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akainuka, akaenda nyuma ya zizi, akamwaga bakuli zima. Akarudi, akaosha bakuli, akalifunika juu ya kichanja, akasema, "Asante kwa kuamka mapema kwa ajili yangu, wifi. Ila hii siwezi. Kuanzia leo uji wangu nitajipikia."

Ni mimi huyu, niliyepikia vijana mia nne kwa siku, ninaambiwa mtu atajipikia. Na uji wa karanga kumwagiwa kuku. Nimengoja Yotham arudi anigombeze. Karudi, kala, kalala. Hana hajamwambia.

Aprili 12

Mvua ya mawe kidogo. Hana hajamwambia Yotham bado.

Aprili 15

Hajamwambia. Anajipikia uji wake, ananiachia na mimi bakuli. Uji wake si mbaya, ila hajui kuchekecha.

Aprili 19

Leo alasiri nilimkuta Hana peke yake na kata mkononi. Alikuwa anachuja pombe ya wateja wa Jumamosi. Alikuwa anainusa ile kata kwa karibu, kafumba macho. Nikasimama mlangoni nisipumue. Nikajisemea, leo nimemkamata mlokole wetu. Akaimimina kata yote pipani polepole, akatoa ukwaju kwenye fundo la kanga, akautia mdomoni akautafuna na ukali wake wote, machozi yakamtoka.

Akageuka akaniona. Hakuona aibu. Akasema, "Naitamani, wifi. Kila siku naitamani. Nilianza kuonja nikiwa na miaka tisa, kwa mama."

Nikamwambia ukwaju usafishwe kwanza, una mchanga. Jioni nilimsafishia bakuli zima.

Aprili 24

Nimekwenda kliniki na Hana. Nia yangu ilikuwa kumsikia huyo Zaidi kwa masikio yangu, nimtafutie kosa.

Ni kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, anaamkia kila mama mzee mmoja mmoja. Tulikuwa wanawake kama ishirini kwenye mabenchi ya nje, na Mzee Thomas alikuwa amekuja na mguu wake wenye kidonda, akakaa kando kusikiliza. Zaidi alipofika kwenye habari ya pombe, mzee akamkatiza. "Kijana, sema tu kwamba dini yako imekataza. Tutakuheshimu."

Zaidi akacheka. "Mzee wangu, wewe kunywa. Dini yangu naifuata nyumbani kwangu. Sikuja hapa kufunga vilabu. Mimi nimekuja kumsemea mtu mmoja tu, aliye tumboni, kwa sababu yeye hana mdomo wa kusema sitaki."

Halafu akaeleza, bila haraka. Anachokunywa mama kinafika kwa mtoto, na ini la mtoto halijakomaa, haliwezi kukimaliza. Hakuna kipimo anachoweza kutupa akasema hiki ni salama, wala hakuna mwezi ambao ni salama. Ujimbi, bia, mvinyo wa zabibu, gongo, vyote ni kitu kilekile kwa mtoto. Mimba inaweza kutoka. Na aliyekwisha kunywa bila kujua asikate tamaa, akiacha leo, hata kama ni mwezi wa nane, anamsaidia mtoto kuanzia leo.

Mama mmoja akauliza, mbona sisi tumezaliwa hivyo na tuko wazima? Zaidi akasema wengi hutoka salama, ndiyo maana tunadhani haina neno. Lakini wengine huzaliwa wadogo, hukua wadogo. Si wagonjwa wa kulala kitandani. Ni mtoto unayemtuma dukani akafika akasahau alichotumwa. Anafundishwa kitu leo, kesho kimefutika. Hesabu zinamkataa. Hasira zinampanda na kushuka. Watu humwona mjinga au mtundu, na yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Nilikuwa nimekaa na mkoba wangu mapajani. Nilianza kuukunja mkanda wake, nikaukunja, nikaukunja mpaka ukakatika. Hana aliuona. Alinishika kiwiko tukainuka.

Jenifa alitupokea getini. Ana miaka ishirini na moja, kichwa chake kinanifika kifuani. Nilikuwa nimemwachia kazi ya kuloweka maharage. Alikuwa ameyaloweka maharage, ameloweka na mchele, na dagaa.

Sikumsema.

Aprili 25

Sina la kuandika.

Aprili 26

Nimerudi zahanati peke yangu. Nimemwambia Zaidi kila kitu, kibuyu cha asubuhi, miezi tisa, na Jenifa alivyorudia darasa la pili mara tatu mpaka wakaniambia nikae naye nyumbani. Nikamwambia, niambie kama ni mimi.

Kasema, "Mama, siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe. Mambo mengi yanaweza kumfanya mtoto awe hivyo. Inawezekana ni pombe. Kuna madaktari hospitali kubwa mjini Dodoma wanaoweza kumwangalia vizuri, nitakuandikia barua. Lakini hukuwa na mtu wa kukwambia."

Nikamwambia, kuna uji niliompikia Hana mwezi huu, na wakati huo nilikuwa na watu wawili wa kuniambia, wewe na Hana mwenyewe. Nikaeleza. Nikaona yule kijana amekasirika kweli, na nikamheshimu kwa kukasirika. Kisha akauliza ilikuwa mara ngapi, kiasi gani, akaandika. Akasema tumshukuru Mungu Hana ni mtu wa msimamo.

Nilipita sokoni nikanunua dagaa na mchicha. Nilipofika nikamwita Hana jikoni, nikamwomba radhi. Nikamwuliza mbona hukunisema kwa Yotham. Akasema, "Angekufukuza, wifi. Na Jenifa angekwenda wapi? Ulitaka mtoto apate damu. Ulikosea dawa."

Nimewafahamu watu wengi wenye elimu, wenye vyeo, wanaokula kwa uma. Sijaona mwenye moyo wa namna hii. Ninaandika ili nisije nikajifanya nimesahau.

Aprili 30

Hana kaniruhusu kumpikia tena. Nimepika mlenda, dagaa, ugali. Kala vyote mbele yangu. Sikuhema mpaka alipomaliza.

Mei 4

Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Ndege wa kwelea kwelea wameonekana kwenye matete. Jenifa ndiye mlinzi, anapiga makopo tangu alfajiri. Sasa namtuma kitu kimoja kwa wakati mmoja, na akimaliza ananiambia, ndipo namtuma kingine. Mambo mengi yananyooka.

Mei 8

Leo nimekaa na Hana akipika pombe, nikamwomba anifundishe. Mimi ni mpishi, najua kazi nzuri nikiiona.

Kimea akikifikicha viganjani anajua kama mtama ulichipuka siku tatu au nne. Uji wa pombe anaupima kwa kiwiko. Baada ya hapo ni masikio. Siku ya kwanza, anasema, pipa liko kimya. Siku ya pili linanong'ona. Siku ya tatu linachemka kama mvua ya mbali kwenye bati, na hapo ndipo watu wenye haraka hukosea, wanachuja. Yeye husubiri mpaka mvua iishe, kibaki kitu kimoja kimoja, tone, tone. Akisikia vile anawasha njiti ya kiberiti karibu na povu, anaangalia moto unavyoinama. Amejifunza yote haya tangu Januari, ameharibu mapipa manne hadi akajua. Wateja wanasema sasa pombe yake ni tamu kuliko ya zamani.

Niliweka sikio. Nikasikia. Nilikuwa na furaha kama mtoto.

Mei 11

Maneno yameanza. Kwenye kipaimara cha watoto wa jirani walimpa Hana kata kama mgeni, akaipokea kwa mikono miwili, akampitishia aliyekuwa kando yake. Wanawake wakaangaliana. Anitha, mke wa kijana wa nyumba ya tatu, kasema kwa sauti ya kusikika kwamba mpika pombe anayekataa pombe anajua alichokitia.

Mei 14

Wateja watano tu. Siku za kawaida huja thelathini.

Mei 17

Watatu. Yotham kasema tuache kupika, tuchukue vibarua. Vibarua wote wako kwenye mashamba makubwa. Na kwelea wameshaonja majaruba ya jirani, wameacha mabua tu. Wetu ukiiva tusipouvuna wote kwa siku moja au mbili, hatuna mpunga. Hana kasema atapika pombe ya kuvunia kama kawaida, atawaalika watu. Yotham akamwuliza, na wakikutaka uonje? Akasema, "Nitawaambia kweli." Yotham akakuna kichwa. Kweli ya Hana inatutisha sisi wote.

Mei 22

Mapipa matatu. Yananong'ona.

Mei 25

Mkono unauma kwa mundu, ila lazima niandike leo, nikiacha mpaka kesho nitaanza kujipamba.

Kwetu mtu akitaka kumaliza kuvuna mapema, hupika pombe na kuita watu. Huvuna mpaka kazi iishe, ndipo hunywa. Lakini kabla mtu hajashika mundu, pipa hufunuliwa, na aliyepika huteka kata ya kwanza akainywa mbele ya wote. Ni namna ya kusema sijaweka kitu. Watu wamekufa kwenye pombe, au wamedhani ndugu zao wamekufa kwenye pombe, na kata ile ya kwanza ndiyo hukata maneno.

Walikuja watu ishirini na sita. Mzee Thomas ndiye aliyewaongoza, kama kila mwaka. Akatusalimia mbukwenyi, tukaitikia. Akasema, "Hana mwanangu, funua tuone."

Hana akafunua. Harufu ilikuwa nzuri hadi watu wakaguna. Tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele, kanga imefungwa juu yake.

"Onja sasa, tufanye kazi."

"Baba, siwezi kuonja. Nina mtu tumboni."

"Mama yako alionja akiwa na wewe tumboni. Nilikuwepo."

"Najua, baba. Yeye hakuna aliyemwambia. Mimi nimeambiwa."

Mzee Thomas si mtu mbaya. Alilaza mundu wake chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema, "Sina ugomvi na wewe. Ila hawa nimewaleta mimi. Pombe ambayo mwenyewe haionji siwezi kuwapa." Wengine nao wakalaza miundu yao. Upande wa matete ndege walikuwa wameinuka, wingu zima, na Jenifa anapiga makopo peke yake.

Yotham akanyoosha mkono. "Nitaonja mimi."

"Wewe uliahidi," Hana akamwambia.

"Na mume si shahidi," akasema mzee. "Nani anamtilia mumewe sumu siku ya kuvuna?" Watu wakacheka kidogo, na lile cheko halikuwa zuri.

Hana angeweza kuonja. Fundo moja tu, aokoe jasho la mwaka mzima, na nani angemlaumu? Nilimwona akilitazama shamba, kisha akaweka mkono wa kushoto juu ya tumbo. Kwa mkono wa kulia aliteka kata, ikajaa, haikutikisika. Akageuka.

"Wifi," akasema, "nakuomba unionjee."

Hapo watu walicheka sana. Anitha akasema, "Wifi! Si ndiye wa kwanza kutiliwa huyo!"

Nikasimama. Nikasema, "Anitha, umesema kweli kuliko unavyojua. Kama kuna mtu hapa ambaye Hana ana sababu ya kumtilia kitu, ni mimi. Mwezi wa nne, alipokuwa amekataa pombe kwa ajili ya mtoto, nilimtilia ujimbi kwenye uji, kwa siri, siku mbili. Siku ya pili aliujua akamwaga. Hakunisema kwa yeyote. Mdogo wangu Yotham ndiyo anasikia sasa hivi, pamoja nanyi. Mtu niliyemfanyia hivyo ananipa kata, na mimi naipokea. Ninyi ambao hamjamfanyia kitu, mnaogopa nini?"

Nikanywa mpaka nikaona chini ya kata. Sijawahi kunywa pombe nzuri vile.

Yotham alikuwa ananitazama kama mtu asiyemfahamu. Mzee Thomas alinisogelea, akaniangalia jicho moja, kisha la pili. Akauliza, "Umekufa?"

Nikasema, "Bado."

Akainama akaokota mundu wake. Wote wakaokota. Kabla ya kuingia jarubani alipita karibu na Hana, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Mwanangu, una kichwa kigumu. Mtoto naye akikichukua, atafika mbali."

Tulimaliza majaruba yote saa kumi.

Mei 27

Yotham haongei nami. Ana haki.

Mei 28

Haongei.

Mei 30

Yotham kaleta kambale mkubwa, kamtupa karibu na sufuria yangu bila neno. Nimempika na ndimu. Kasema chumvi imezidi. Nadhani nimesamehewa.

Juni 6

Tunapura. Vumbi mpaka masikioni.

Juni 9

Anitha alikuja leo, kasimama uani, anakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. Nilidhani kafuata pombe. Akamwuliza Hana, ule ukwaju, unautafuna na kokwa au unatoa? Ana miezi mitatu. Hana hakumkumbusha maneno yake hata moja. Alimfungia ukwaju kwenye karatasi, akamwambia jioni ndiyo saa ngumu, jioni aje wakae wote. Mimi ningemkumbusha, hata kidogo. Ndiyo tofauti yetu.

Juni 13

Jioni wamekaa wanne, wajawazito wote, wanamenya ukwaju, wanacheka. Mzee Thomas kapita akawaita bunge.

Juni 20

Uchungu ulimwanza Hana alfajiri. Yotham alitafuta bodaboda, Hana akakataa, akasema atatembea, zahanati si mbali, na kweli alitembea, anasimama, anashika mti, anaendelea. Zaidi alimpokea mlangoni.

Mimi na Jenifa tulikaa kwenye benchi la nje. Yotham alizunguka jengo mpaka nikaacha kumhesabia. Nimeomba leo kuliko nilivyoomba mwaka mzima. Nilijua kwamba kile kikombe cha ujimbi na lile fundo moja viko mle ndani pamoja naye, viwe vimefanya kitu au havijafanya.

Saa nane mchana mtoto akalia. Yotham akakaa chini palepale alipokuwa, kwenye changarawe.

Zaidi akatoka anafuta mikono. "Wa kike. Kilo tatu na gramu mia moja. Mama yake hajambo." Nikamshika shati lake lililopigwa pasi. Akasoma swali langu, akasema, "Ninavyomwona leo yuko vizuri, mama. Tutaendelea kumwangalia anavyokua, kama tunavyowaangalia wote." Yotham akaingia ndani mbio.

Nikabaki na Jenifa. Alikuwa anafikiri. Akaniuliza, "Mama, mimi nilikuwa na kilo ngapi?"

"Mbili kasoro."

"Kidogo."

"Kidogo, ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni kazi ya Mungu. Tangu Aprili nimekuwa nikijiandaa kusema hivyo. Lakini nimekaa miezi mitatu na mtu ambaye kweli haimtoki kwa kulazimishwa, inatoka yenyewe, na nimeona aibu. Nikamwambia. Nilimwambia taratibu, jambo moja kwa wakati mmoja. Kwamba nilikunywa kila asubuhi nikiwa naye tumboni. Kwamba sikujua. Kwamba hata Zaidi hawezi kusema kwa hakika, na tutakwenda Dodoma kwa wanaojua zaidi. Kwamba inawezekana ndiyo maana vitu vinamtoka kichwani, na hesabu zilimkataa.

Nilidhani ameshasahau swali. Kisha akasema, "Shuleni walinipiga. Walisema najifanya."

"Najua."

"Kumbe sikujifanya."

"Hukujifanya, mwanangu."

"Na wewe ulinipiga."

"Na mimi nilikupiga."

Akanitazama. Ana macho ya baba yake, nilikuwa nimesahau.

"Basi niombe msamaha," akasema.

Nikashuka kutoka kwenye benchi, nikapiga magoti kwenye changarawe mbele ya mwanangu, watu wa kliniki wanapita, nikamwomba. Jenifa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, mama," akaninyanyua kwa mkono, akaingia ndani kumwona mtoto.